Dalali kasema "ina miaka nane tu": mwongozo kamili wa kujua umri wa kweli wa nyumba, Mtwara na Lindi

Ukiuliza nyumba ya huku kwetu ina miaka mingapi utapewa jibu moja, na hilo jibu mara nyingi sio la kweli hata kama anayekujibu hana nia mbaya kabisa. Sababu kubwa ni korosho. Mtu wa Mtwara au Lindi mara nyingi hachukui mkopo benki akajenga na kumaliza ndani ya miezi sita, anajenga kwa misimu. Pesa ya mnada ikiingia anachimba msingi, msimu unaofuata anapandisha kozi mpaka lenta, msimu wa tatu bei imekuwa mbovu kwahiyo boma linakaa linanyeshewa tu na mbuzi wanalala humo, afu unakuja mwaka mzuri kama ile misimu ya 2016 na 2017 bei ilipopanda, anaezeka na kuhamia bila hata plasta. Miaka kumi baadae mtoto aliyeko Dar anatuma hela, inapigwa skimu, jipsam na taili, rangi ya krimu nje, na dalali anakuja na picha anakwambia nyumba mpya hii bosi.

Sasa hapo umri ni upi?

Ndo maana kwenye mwongozo huu hatutafuti namba moja. Tunatafuta namba nne: umri wa msingi na kuta, umri wa paa, umri wa waya na mabomba, na umri wa urembo. Hela yako inatakiwa ifuate zile tatu za mwanzo, dalali yeye anakuuzia ya nne.

Vifaa vya kwenda navyo ni vya kawaida, tochi yenye mwanga mkali (ya simu haitoshi darini), tepu, bisibisi ya zamani usiyoionea huruma, ngazi ya kuazima kwa jirani, na daftari. Nenda mchana, na usikubali kabisa kuonyeshwa nyumba saa moja usiku kwa visingizio vya mwenye nyumba kuwa kazini.

Kabla hujafika: picha za juu

Fungua Google Earth kwenye kompyuta, tafuta kiwanja, pale juu kuna alama ya saa, ukiibonyeza unaanza kurudi nyuma kwenye picha za setilaiti za miaka iliyopita. Picha zenye ukali wa kuonyesha nyumba moja moja zinaanzia miaka ya 2000, na kwa miji yetu zinaruka ruka, unaweza kukuta mwaka mmoja una picha tatu afu miaka mitatu hamna kitu. Haina shida. Unachosaka ni picha mbili tu, ya mwisho ambayo kiwanja kiko kitupu na ya kwanza yenye jengo. Nyumba imezaliwa katikati ya hizo tarehe mbili na hapo hakuna wa kubishana na wewe.

Angalia pia rangi ya paa ilivyobadilika. Bati jipya linang'aa jeupe kabisa ukiliangalia toka juu, makuti ni kahawia, bati lililochoka ni kijivu chenye madoa mekundu. Kama picha ya kwanza paa ni la kahawia, inayofuata ni jeupe na ya sasa ni la bluu, basi hiyo nyumba imeezekwa mara tatu na unaongea na mtu anayekwambia ina miaka nane. Pagale nalo linaonekana, utaona vyumba vimegawanyika kama viboksi na vivuli vya kuta ndani yake, hamna paa. Hesabu limekaa hivyo kwa picha ngapi, maana tofali zilizonyeshewa misimu kadhaa bila kufunikwa sio sawa na zilizoezekwa mwaka huohuo.

Makaratasi, na kwanini hayatoshi

Watu wengi wakiona hati wanasoma tarehe wanasema aah kumbe nyumba ya 2014. Hapana. Hati inakwambia umri wa haki ya ardhi. Kwenye kiwanja cha kupimwa hati inatangulia nyumba, kuna masharti ya kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36 lakini wote tunajua viwanja vimejaa upupu miaka na miaka. Kwenye mitaa iliyorasimishwa ni kinyume chake, nyumba imekaa hapo miaka ishirini ndo wapimaji wanakuja, kwahiyo hati ni changa kuliko nyumba. Tarehe hiyohiyo moja inaweza kukudanganya pande zote mbili.

Kibali cha ujenzi ni kizuri zaidi kama kipo. Soma kinasema nini hasa, kuna vibali vya kujenga na kuna vya kukarabati au kuongeza, na muuzaji mjanja atakuonyesha hicho cha pili kana kwamba ndo cheti cha kuzaliwa. Omba pia risiti za kale za kodi ya majengo. Tangu 2021 hiyo kodi inakatwa kwenye LUKU kwahiyo watu hawana karatasi tena, lakini kabla ya hapo kulikuwa na bili na risiti, na risiti ya 2009 maana yake 2009 jengo lilikuwepo, mjadala umeisha.

Kwa majengo ya katikati ya mji, yale maduka ya chini na makazi juu ya Lindi na Mtwara, kuna kisa kimoja kizuri. Mwaka 1971 serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo yaliyopangishwa yenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, yakawa chini ya Msajili wa Majumba mpaka mwaka 1990 yalipohamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa. Fidia yake ilitegemea umri, jengo lililozidi miaka 10 mwenyewe hakulipwa kitu. Maana yake kwa majengo hayo umri haukuwa stori ya kijiweni, ulikuwa ni hela, na mafaili ya wakati ule yaliandika. Ukinunua jengo la aina hiyo au linalopakana nalo, historia ya faili ardhi ni ya kufuatiliwa kwa mwanasheria, usitegemee fundi.

Wazee wa mtaa

Hii hatua watu wanairuka wakati ndo ya bure kuliko zote. Pita siku nyingine bila dalali. Kaa kibarazani kwa jirani mwenye umri, salimia vizuri, shikamoo bibi, habari za hapa, usianze na mambo ya kununua. Na usiulize mwaka. Mtu hakumbuki mwaka, anakumbuka tukio. Uliza hivi: "Bibi, hii nyumba mliikuta au ilikuja mkiwepo?" Halafu mpandishe ngazi za matukio. Ilikuwepo wakati wa vita ya Amin (1978 na 1979)? Wakati wa Mzee Ruksa (Rais Mwinyi, 1985 mpaka 1995)? Ile mvua kubwa ya el nino ya 1997 kuingia 1998 ilikuta imeezekwa? Ilikuwa kabla ya daraja la Mkapa, wakati tunavuka Rufiji kwa kivuko (daraja limefunguliwa 2003)? Wakati wa vurugu za gesi 2013 nani alikuwa anaishi humo? Mwaka wanajeshi wamekuja kubeba korosho, 2018, hiyo sehemu ya nyuma ilikuwepo?

Kila jibu linakubana katikati ya miaka miwili. Bibi akikwambia "mjukuu wangu, hiyo ilianza ya miti, marehemu akaja kuivunja upande huu akaweka tofali, upande ule ndo ule ule" basi umepata kitu ambacho hakuna karatasi ya halmashauri ingekupa. Uliza watu wawili wasiokaa pamoja. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa muulize pia lakini kumbuka na yeye ana chake kwenye mauziano, asilimia zake zipo.

Mtaa wenyewe una umri

Hapa kuna uongo mmoja naupenda sana, wa "nyumba ya Mjerumani" Mtwara mjini. Mjerumani aliondolewa huku kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, na Mtwara kama mji imeanza 1947 Mwingereza alipoleta ule mradi wake mkubwa wa karanga, ndo ikachorwa mitaa mipana, bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa mapema tu 1951, mji ukabaki. Kwahiyo nyumba kubwa ya zamani Shangani yenye baraza pana na madirisha marefu ni ya Mwingereza miaka ya mwisho ya 40 au ya 50, ambayo bado ni ya zamani sana, hamna haja ya kumsingizia Mjerumani. Ukitaka ya Mjerumani kweli nenda Mikindani au Lindi. Boma la Mikindani, yaani ngome ya Mjerumani, ni la 1895, na nashauri mtu yeyote anayetaka kujifunza kukagua aende akaliangalie kwa macho, aone ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukoje, ili siku akiambiwa "hii ya mawe ya zamani" ajue analinganisha na nini.

Mikindani na Lindi kuna tukio la kuuliza, kimbunga cha Aprili 1952. Kilipiga pale vibaya sana, nyumba nyingi zilianguka au kuezuliwa. Kwahiyo nyumba ya zamani ya maeneo hayo mara nyingi ina kuta za kabla ya 1952 na paa la baada ya hapo.

Kwa mitaa mingine sheria ni nyepesi, nyumba haijengwi kabla ya njia ya kufikia. Mitaa ya pembeni ya mji iliyojaa kasi ile miaka ya joto la gesi kuanzia 2011 hivi, gesti kila kona, huwezi kuambiwa nyumba ya 1990 bila kuuliza ilikuwa shamba la nani.

Paa na darini, hapa usikimbie

Kama una saa moja tu ya ukaguzi, dakika arobaini ziishie darini. Chini watu wanapaka rangi, darini hakuna anayepaka.

Anza nje. Bati la siku hizi mara nyingi lina maandishi yamechapwa upande wa ndani, jina la kiwanda, geji, mara nyingine na tarehe. Panda na tochi usome. Bati za rangi, zile za msauzi na migongo mipana, ni mtindo wa miaka ya karibuni, na paa la kuficha la kontempo ni la juzi juzi zaidi. Bati la kale ni zito, migongo midogo, ukiligonga linaitika tofauti na geji 32 ya sasa (kumbuka geji namba ikiwa kubwa bati ni jembamba, watu wanachanganya). Ila usipime umri kwa kutu! Bati la Shangani au Mikindani linalopulizwa na upepo wa bahari linaoza mapema kuliko la Newala kule juu, nyumba mbili za mwaka mmoja zitaonekana baba na mtoto.

Ukiingia ndani angalia papi, zile mbao bati linapopigiliwa. Tafuta matundu ya misumari yasiyo na msumari. Bati jipya juu ya papi yenye matundu mawili matatu yaliyoachwa wazi maana yake paa limebadilishwa na mbao ni za zamani. Papi yenye tundu moja kwa kila msumari, basi bati na papi ni rika moja. Misumari yenyewe nayo inasema, ya kofia ni ya zamani zaidi, skrubu zenye raba ni za sasa.

Halafu mbao za kenchi, zile zinazobeba paa zima. Mbao za zamani huku kusini nyingi ni ngumu, mninga, mkongo, mvule, zimepasuliwa kwa msumeno wa mkono, unaona mistari haijakaa sawa na unene unabadilika toka kichwa hadi mkia. Za sasa ni paini za kutoka Mafinga, nyepesi, zimenyooka, nyingi zina ukijani wa dawa. Ukikuta kenchi moja ya mninga na pembeni yake ya paini ya kijani, hapo pamerekebishwa, waulize mchwa walifika wapi.

Sasa geuza tochi kwenye ukuta unapopanda juu ya silingi. Plasta inaishia wapi? Mara nyingi fundi hapigi plasta juu ya dari kwahiyo pale unaona tofali lenyewe uchi, la saruji, la kuchoma, la udongo au jiwe. Ukiona juu ya jipsam kuna mstari wa rangi ya zamani, labda kijani au bluu ya chokaa, maana yake kulikuwa na silingi nyingine juu zaidi au haikuwepo kabisa na watu waliishi humo wakipaka mpaka juu. Ukiona masizi kwenye mbao, walikuwa wanatumia koroboi au wanapika ndani, kwahiyo nyumba iliishi kabla ya umeme. Waya zilizokatwa na kuachwa nazo zihesabu, nimeona darini waya wa vizazi vitatu na hakuna aliyetoa hata mmoja.

Vigae: nyumba za kale za pwani zina vile vyekundu vya Mangalore, India, vina muhuri wa kiwanda. Angalizo. Kigae kikiwa na 1865, huo ni mwaka kiwanda cha Basel Mission kilipoanzishwa, sio mwaka kigae kilipochomwa. Watu wanauza nyumba kwa huo mwaka, nakwambia.

Na kama paa ni la zile bati nene za kijivu za asbesto, usizivunje, usizikwangue, usipande na msumeno kuchukua sampuli. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Andika kwenye daftari kwamba zipo, weka gharama ya kuzitoa kitaalamu, shuka.

Kuta

Pima unene wa ukuta kwenye dirisha kwa tepu. Tofali la inchi 6 ukijumlisha plasta pande mbili unapata kama sentimita 18, la inchi 5 kama 15 na nusu, la kulaza kama 26. Ukuta wa mawe ya matumbawe unakwenda 40 na zaidi. Ukuta ambao dirisha moja unapata 17 na la pili 23 kwenye chumba hichohicho, huo ni wa miti na udongo au tofali za udongo umevalishwa plasta ya saruji, na hii ndo kanzu inayouzwa sana huku. Gonga kwa ngumi sehemu mbalimbali, plasta iliyoachana na udongo inalia tupu. Ukipata kona iliyobomoka kidogo sukuma bisibisi, saruji inakataa, chokaa inakwanguka nyeupe, udongo unaingia tu.

Nyumba za mawe za Mikindani na Lindi ya zamani zina alama ambayo haidanganyi, upana wa vyumba. Dari na sakafu za juu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi zaidi ya mita tatu hivi, kwahiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Ukikuta chumba cha mita tano kwa tano kwenye "nyumba ya boriti" basi kuna ukuta ulitolewa, na ujue nani anabeba mzigo sasa.

Tofali za saruji za siku hizi za mashine zina kingo kali na zinafanana, za zamani za kufyatua kwa mkono zinatofautiana. Saruji yenyewe ina historia yake huku, mpaka kiwanda cha Dangote kilipoanza Mtwara 2015 saruji ilikuwa inasafirishwa toka mbali, Wazo na kwingine, na kabla ya 2003 Rufiji ikijaa barabara ndo basi tena. Watu waliibana saruji. Sio ushahidi wa mwaka, ila ukikuta tofali za nyumba unayoambiwa ya 1995 ni ngumu, nyingi, za kipimo kimoja na nguzo za zege kila kona, uliza huyo bwana alikuwa nani.

Mpaka kati ya sehemu ya zamani na ya kuongezwa unaonekana kama ufa ulionyooka wima toka chini mpaka juu, rangi inaficha mwaka mmoja miwili tu. Msingi nao angalia ngazi ya mlangoni. Kama ngazi ilikuwa ya hatua tatu na mbili zimezama kwenye udongo, mtaa umepanda, na hiyo haitokei kwa miaka nane.

Zege lililopasuka kwenye lenta na nguzo za baraza, nondo imevimba kwa kutu, hilo sio umri. Hilo ni mchanga wa bahari au zege jembamba, na linaweza kutokea kwenye nyumba changa kabisa. Nalitaja kwa sababu watu wanaona wanasema nyumba imezeeka, kumbe ilizaliwa mgonjwa.

Milango, madirisha, sakafu

Haraka haraka. Mbao za kufunga na nondo ni za kale, vioo vya luva vinafuata, halafu grili na vioo vya fremu ya mbao, alumini ya kuslaidi ni ya sasa. Alumini kwenye tundu la zamani inaacha kiraka cha plasta kuzunguka dirisha. Sakafu: angalia mlango wa chumba kama umekatwa chini. Mtu akiweka taili juu ya sakafu nyekundu ya zamani sakafu inapanda, mlango haufungi, unakatwa. Soketi za chini nazo zinakuwa karibu mno na taili. Nyanyua zulia, fungua kabati la jikoni, chungulia stoo, sehemu hizo fundi wa taili huwa anaishiwa.

Umeme, maji na choo

Soketi za matundu ya mviringo, swichi nyeusi za duara na fyuzi za kauri za kufunga waya ni dalili ya waya za miaka mingi. Waya za juu ya ukuta zilizobanwa kwa klipu kwenye kibao cha mbao ni kongwe kuliko za kufukia. Kuwa makini na mita ya LUKU, ina mwaka wa kutengenezwa lakini mita inabadilishwa, na umeme wenyewe mara nyingi ulikuja nyumba ikiwa mtu mzima. Mtwara na Lindi tumeanza kutumia umeme wa gesi ya Mnazi Bay 2007, waliounganishwa baada ya hapo ni wengi na nyumba zao ni za kabla.

Mabomba: chuma, halafu PVC, halafu PPR. Chuma kilichofukiwa ndani ya ukuta ni ushahidi mzito kwa sababu hakuna anayebomoa ukuta kuweka bomba la kizamani. Chooni inua mfuniko wa tangi la kuflashi kama ni la udongo, geuza, chungulia na ndani ya tangi. Matangi mengi yana tarehe imegongwa kiwandani. Ukikuta 1988 choo ni cha 1988 au baadae kidogo, na kama hakuna dalili ya kubadilishwa, nyumba inakaribia hapo.

Mnazi

Mnazi unaacha alama ya duara kwenye shina kila kuti linapoanguka, na mrefu wa kienyeji unatoa makuti kama kumi na mbili hivi kwa mwaka. Hesabu alama za mita moja, pima urefu wa shina kwa macho, zidisha alama kwa hizo mita, gawanya kwa kumi na mbili, ongeza miaka minne mitano ya kabla shina halijatokeza. Unapata umri wa mti kwa makadirio. Ila mnazi unaweza kutangulia nyumba kwa sababu kiwanja kilikuwa shamba, kwahiyo tazama kama umepandwa kwa mstari na uzio au ngazi. Uliofuata mpangilio wa nyumba umepandwa baada ya nyumba.

Kuunganisha

Sasa una daftari limejaa. Gawa ushahidi mafungu mawili, vilivyofungwa ndani ya jengo na vinavyobadilika. Kilichojengewa ndani ya ukuta kinakwambia ukuta hauwezi kuwa wa kabla ya hicho kitu. Kinachobadilika, taa, mlango, sinki, kinakwambia kidogo sana. Kitu kipya kwenye nyumba ya zamani ni kawaida. Kitu cha zamani kwenye nyumba mpya kipo pia, watu wananunua milango na mbao za nyumba zilizobomolewa, na huku kusini unaweza kukuta kipande cha reli kimekuwa nguzo au lenta. Reli huwa na mwaka umegongwa ubavuni wa kiwanda, huo ni mwaka wa chuma, na reli yetu ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 60, kwahiyo nyumba iliyotumia hicho chuma ni ya baada ya hapo.

Tuseme nyumba ya Chuno, dalali anasema miaka nane. Google Earth inaonyesha paa la kijivu tayari 2009, linageuka jekundu kati ya picha ya 2015 na ya 2018. Jirani anasema ilikuwa imeshaezekwa kabla ya daraja ila el nino ilikuta pagale. Darini papi zina matundu ya zamani, waya vizazi viwili, ukuta wa tofali za mkono. Chumba cha nyuma kina ufa wima na bomba la PPR. Hapo unaandika: msingi na kuta zimeanza kabla ya 1998, imeezekwa kati ya 1998 na 2003, paa la pili kati ya 2015 na 2018, chumba cha nyuma ni cha karibuni, urembo miaka miwili mitatu. Hiyo "miaka nane" ya dalali imetoka kwenye bati.

Kama hela ni kubwa, au unakopa benki, tafuta mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, na kwa jengo la ghorofa mhandisi aliyesajiliwa. Mhandisi anaweza kutoboa zege kidogo na kupuliza dawa ya kupima limechakaa mpaka kina gani, sehemu ambayo bado ni nzima inageuka waridi, na hapo unajua kama nondo bado imelindwa. Mpe daftari lako, atakushukuru.

Kwenye mkataba wa mauziano usikubali kuandika "nyumba yenye umri wa miaka nane". Andika kila kitu na mwaka wake: nyumba ilianza kujengwa mwaka fulani, ikaezekwa mwaka fulani, paa likabadilishwa mwaka fulani, sehemu ya nyuma ikaongezwa mwaka fulani, kwa maelezo ya muuzaji, na asaini mbele ya wakili na mashahidi wake. Muuzaji mkweli atakaa na wewe mkumbushane. Akikataa kuandika hata mwaka wa kuezeka, rudi kwa yule bibi ukamuulize tena vizuri kabla hujatoa hata kishika uchumba.